Nyota Hurudi, Utoto Haurudi

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hutolewa haraka pindi mtu mzima, mwenye jamaa ya kulisha na kazi ya kufanya, anapoonekana kushikilia jambo la kujiburudisha ambalo halimwingizii hata ndururu. Mwenye kucheza kandanda Jumamosi alasiri hueleweka. Mwenye kwenda mazoezi ya kwaya husifiwa. Mwenye kufuga kuku kando ya kazi ya ofisini huitwa mjuzi wa maisha. Ila yule anayetoka nje usiku na darubini, akasimama kando ya tangi la maji huku shingo ameipindia juu, huyo huzua maswali. Majirani huuliza anatafuta nini. Wakwe huuliza iwapo yu mzima. Naye mwenzake wa ndoa, ambaye ndiye aujuaye ukweli, huuliza swali zito kuliko yote: saa hizi zinazotolewa kwa nyota, zimetolewa katika fungu la nani?

Makala haya yanajadili swali hilo la mwisho. Yanashikilia kwamba mapenzi ya kutazama anga si anasa wala si uwendawazimu, na kwamba mtu mwenye jamaa na kazi anaweza kuyatimiza pasi na kumdhulumu yeyote. Hata hivyo, yanashikilia pia kwamba wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa sababu ya ukosefu wa fedha au wa darubini bora. Wanashindwa kwa sababu huziiba saa hizo badala ya kuziomba.

Ichukuliwe mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hauko mbali na hali halisi ya nyumba nyingi nchini. Mwalimu wa fizikia katika shule ya upili ana mke muuguzi na watoto wawili. Mkewe hufanya kazi kwa zamu. Juma moja mchana, juma jingine usiku. Mwalimu huyu anajinunulia darubini iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mwanzoni anaitoa nje mara moja kwa mwezi, na nyumba nzima inafurahi naye. Mtoto mkubwa anaiona pete ya Zohali na kupiga ukelele wa furaha. Baada ya miezi kadhaa, mwalimu anatoka mara tatu kwa juma, tena peke yake, watoto wakiwa wamelala, na kurudi ndani saa nane za usiku. Rundo la madaftari yasiyosahihishwa linaota mezani. Mchana anasinzia katika chumba cha walimu. Asubuhi moja mkewe anarejea kutoka zamu ya usiku, amechoka hoi, anamkuta mtoto mdogo amevaa sare chafu na hajafanya kazi ya ziada, na baba yake bado amelala. Hakuna matusi yanayotamkwa siku hiyo. Darubini inapandishwa tu juu ya kabati, inafunikwa kwa shuka kuukuu, na haishuki tena.

Kisa kama hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wanaomtetea mwalimu husema kuwa mke hakuuelewa moyo wa mumewe. Wanaomtetea mke husema kuwa mume aliikimbia nyumba yake. Pande zote mbili hupitwa na jambo moja la msingi: mwezi ule wa kwanza, nyumba nzima ilikuwa pamoja katika jambo hilo. Kilichoharibika si mapenzi ya nyota. Kilichoharibika ni kadiri yake na uwazi wake.

Kabla ya kuendelea, inafaa kuligusia suala la lugha, kwa kuwa sehemu ya tatizo imo humo. Kiswahili kina neno unajimu, na mwenye elimu hiyo ni mnajimu. Lakini katika matumizi ya kila siku, mnajimu ni mpiga ramli. Ni yule anayekadiria bahati ya mtu kwa kutazama nyota yake. Lipo neno falaki, ambalo ni sahihi zaidi kwa elimu ya sayari na mizunguko yake, ila halijulikani sana nje ya madarasa na vyuo vya dini. Basi mpenda nyota hujikuta hana jina la heshima la kujitambulishia. Akisema yeye ni mnajimu, ataletewa wagonjwa. Akisema yeye ni mwanafalaki, ataulizwa maana yake. Kutokana na ufinyu huo, wengi huchagua kunyamaza na kuifanya shughuli yao kwa siri. Na siri, hata iwe ya jambo jema namna gani, haikai vizuri katika nyumba ya watu wawili.

Na bado, jamii za Waswahili hazikuanza jana kulitazama anga, wala hazikulitazama kwa kujificha. Manahodha wa majahazi walizitumia nyota kuishika njia baharini. Wakulima walikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopewa jina kutokana na kulima, ili kujua majira. Methali yenyewe inasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni uchunguzi wa miaka mingi uliofungwa katika sentensi moja, na aliyeutunga hakuwa na darubini. Aidha, hadi leo, jioni ya siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa Shaabani na ya Ramadhani, watu katika miji ya pwani husimama mahali pa wazi wakiutafuta mwezi mwandamo. Wazee huenda, vijana huenda, watoto huenda. Shughuli hiyo huchukua dakika chache baada ya magharibi, kisha kila mmoja hurudi nyumbani kwake akiwa na habari.

Katika desturi hizi, kutazama anga kulikuwa na wakati maalumu, kulikuwa na sababu iliyojulikana na wote, na kulifanywa hadharani. Hakuna mke aliyeuliza kwa nini mumewe ametoka kuutazama mwezi wa Ramadhani. Aidha, dai kwamba falaki ni shughuli ya kigeni halina mashiko katika nchi hii. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksi kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kituo cha San Marco, katika pwani ya Kenya karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Siku Kuu ya Jamhuri. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Ajabu iliyoje kwamba mwenye lugha hiyo aone haya kusimama uani kwake na darubini.

Ila heshima ya historia haitoshi kulijibu swali la fungu. Saa moja ya usiku inayotumiwa na mtu mmoja ni saa ambayo mtu mwingine ameziba pengo lake. Kama baba yuko nje, kuna mtu aliye ndani anayeosha vyombo, anayemkagua mtoto kazi ya shule, anayezima jiko. Historia ya falaki yenyewe ina ushahidi mkubwa kuhusu jambo hili.

William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza na kujipatia riziki kama mwanamuziki katika mji wa Bath. Alipiga kinanda kanisani, akatunga muziki, akafundisha wanafunzi. Falaki aliifanya kando ya kazi hiyo, kwa darubini alizozitengeneza mwenyewe nyumbani. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, aliiona sayari ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua kuwa sayari kabla yake. Sayari hiyo sasa huitwa Uranus. Mwaka uliofuata, Mfalme George wa Tatu alimpa ruzuku ya pauni 200 kwa mwaka, naye akauacha muziki. Hadithi hii hupendwa sana na wapenda nyota, maana humwonyesha mtu wa kazi nyingine akiipita dunia nzima.

Kinachosahaulika ni kwamba Herschel hakuwa peke yake nyumbani. Dada yake mdogo, Caroline, alifika Bath mwaka 1772. Alifunzwa uimbaji na akaanza kusifika jukwaani. Kadiri kaka yake alivyozama katika nyota, ndivyo Caroline alivyovutwa kutoka katika muziki wake. Alisimamia nyumba, alinakili hesabu, alisaidia kutengeneza darubini. Na kaka yake alipokuwa akisugua kioo cha darubini kwa saa nyingi mfululizo pasi na kuinua mikono, Caroline ndiye aliyemlisha matonge kinywani. Saa za William zilitoka kwa Caroline. Ni kweli kwamba Caroline naye alikuja kuwa mwanafalaki mwenye jina. Aliigundua nyota yake ya kwanza yenye mkia tarehe 1 Agosti 1786, akalipwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka kuanzia 1787, na mwaka 1828 Shirika la Kifalme la Falaki la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Lakini uimbaji wake haukurudi. Aliyeulizwa kama alikuwa tayari kuubadilisha, na jibu alilolitoa, hayamo katika simulizi ya ushindi wa kaka yake.

Funzo la Bath si kwamba Herschel alikosa kuipenda falaki. Dunia ingekuwa maskini bila yeye. Funzo ni kwamba kila darubini ina mtu wa pili aliyeishika pasi na kuonekana, na haki inadai mtu huyo aulizwe mapema. Nyumba ambamo mume ana usiku wake wa nyota lakini mke hana jioni yake ya chama, ya masomo au ya kupumzika tu, haijasawazisha chochote. Imempa mmoja burudani na mwingine zamu. Hivyo basi, kanuni ya kwanza kwa mpenda nyota mwenye jamaa ni kulipa saa kwa saa. Akichukua jioni mbili kwa mwezi, atoe jioni mbili kwa mwezi ambazo mwenzake atakuwa huru kabisa, na yeye ndiye atakayekuwa jikoni na kwenye madaftari ya watoto. Deni la saa halilipwi kwa zawadi wala kwa maneno matamu.

Kanuni ya pili ni kuitumia vyema neema ya mahali. Vitabu vingi vya kuwafunza wapenda nyota vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, nao huwazoesha wasomaji wao kukesha. Jijini London mwezi wa Juni, jua huchwa baada ya saa tatu za usiku, na giza kamili la kuzitazama nyota hafifu halifiki kabisa. Mpenda nyota wa huko hana hiari. Wakati wa kiangazi ni lazima akeshe au akose. Kenya imepitiwa na Ikweta, na hali yake ni tofauti kabisa. Jijini Nairobi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo za jioni mwaka mzima. Machweo yenyewe ni mafupi, kwa kuwa jua hushuka karibu wima. Kufikia saa mbili za usiku, giza limetimia, iwe Januari au Julai. Isitoshe, kutoka Ikweta mtu huweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini katika mzunguko wa mwaka mmoja, jambo ambalo mkaazi wa London hawezi kulipata hata akikesha maisha yake yote.

Maana yake ni kwamba mwalimu wa mfano uliotolewa hapo awali hakuwa na haja ya kurudi ndani saa nane za usiku. Aliiga ratiba ya watu wa mbali ilhali anga la kwao lilimfungulia mlango mapema. Baina ya saa moja na nusu na saa tatu za usiku, wakati ugali unaiva au vyombo vinasubiri kukauka, angeweza kuona Mshtarii na miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mnamo Januari 1610, kisha akaingia ndani na kuyasahihisha madaftari.

Kanuni ya tatu ni kuufuata mwezi. Mpenda nyota mchanga huichukia mbalamwezi kwa sababu hufifisha nyota. Mzazi mwenye busara huigawa mbalamwezi. Tangu mwezi uandame hadi ufikie nusu, takriban juma moja, huwa angani jioni, na mashimo na milima yake huonekana waziwazi hata kwa darubini ndogo, hasa kwenye mpaka wa nuru na kivuli. Siku hizo ni za watoto. Unapopevuka, huchomoza jua linapochwa na kutawala usiku wote. Siku hizo ni za kulala mapema na kuilipa miili deni lake. Baada ya hapo huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, kiasi kwamba siku nne au tano baada ya kupevuka, saa za mwanzo wa usiku zimebaki na giza hadi mwezi mwingine uandame. Humo ndimo mtu anapochagua jioni zake mbili au tatu za peke yake. Haya yote hujulikana miezi kabla. Yanaweza kuandikwa kwenye kalenda ya ukutani, kando ya tarehe za zamu za muuguzi, za mtihani wa watoto na za mkutano wa wazazi, ili kila mtu nyumbani azione na azipinge mapema ikiwa ana sababu. Nayo mawingu ya masika, na yale ya Julai na Agosti yanayoifunika Nairobi, yatajitwalia sehemu yake bila kuombwa.

Kuna watakaosema kuwa jioni mbili kwa mwezi hazimfikishi mtu popote, na kwamba aliye na mapenzi ya kweli hana budi kujitoa mhanga. Hoja hii ina ladha ya ushujaa, ila ushahidi hauiungi mkono. Leslie Peltier alikuwa mkulima karibu na mji mdogo wa Delphos, jimboni Ohio, Marekani. Akiwa kijana, aliinunua darubini yake ya kwanza kwa fedha alizozipata kwa kuchuma matunda ya stroberi shambani kwao. Mwezi wa Machi 1918 alianza kupima mng'aro wa nyota zinazobadilika, yaani nyota ambazo nuru yake hupungua na kuongezeka. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 1980, akiwa amekusanya vipimo zaidi ya 130,000, mbali na nyota kadhaa zenye mkia alizozigundua. Kipimo kimoja cha aina hiyo huhitaji dakika chache tu: kuilinganisha nyota moja na jirani zake ambazo mng'aro wao unajulikana, na kuandika tarakimu. Shirika la Marekani linalozikusanya taarifa hizo, lililoanzishwa mwaka 1911, huzipokea hadi leo kutoka kwa watu wa kawaida wa nchi mbalimbali, na wanasayansi huzitumia. Haba na haba hujaza kibaba. Kilichomfikisha Peltier ni kudumu, na adumuye ni yule ambaye nyumba yake haimchukii anaporudi ndani.

Hata hivyo, ni lazima ikubaliwe kuwa yapo matukio ya anga yasiyongoja. Tarehe 8 Juni 2004, sayari ya Zuhura ilipita mbele ya jua, na tukio hilo likaonekana Kenya tangu saa mbili na robo za asubuhi hadi alasiri. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi na ya masomo. Lilirudi mwaka 2012, na Kenya ikaona mwisho wake tu, asubuhi ya tarehe 6 Juni. Litakalofuata ni la Desemba 2117. Aliyezikosa siku hizo mbili hatapata nyingine. Kwa siku kama hizo, mwajiri aombwe ruhusa wazi, jamaa waarifiwe, na ikiwezekana darasa zima litolewe nje, kwa njia salama ya kulitazama jua bila kuyadhuru macho. Kupatwa kwa jua hakumvamii mtu. Tarehe yake hujulikana miaka mingi kabla. Kupatwa kikamilifu kutakakopita juu ya Misri, Saudia, Yemeni na Somalia tarehe 2 Agosti 2027 kumekwisha kuwekwa kwenye kalenda, na anayepanga kusafiri kukuona hana kisingizio cha kumshtukiza mkewe au mwalimu mkuu wake.

Tena hata tukio adimu halina dhamana. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa kikamilifu katika eneo la Turkana kwa muda usiofika hata sekunde 20. Watu walisafiri mamia ya kilomita hadi Sibiloi, na baadhi yao wakafungiwa na vumbi na mawingu katika dakika zile zile walizozifuata. Aliyekwenda na wanawe alirudi na safari ya kusimulia. Aliyewaacha nyumbani kwa ugomvi alirudi na vumbi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Ukiyaondoa matukio machache kama hayo, anga ni la kurudi. Kilimia hutoweka jioni za Mei, na mwezi wa Juni huchomoza tena alfajiri. Pete za Zohali hubadilisha mkao wake na kuurudia katika miaka 29 na nusu hivi. Nyota ya Halley yenye mkia, iliyoonekana mwaka 1986, itarejea mwaka 2061. Mtoto wa miaka sita hana mzunguko. Akifika saba, hiyo sita imekwenda. Mzazi anayesema kuwa ataupata wakati wa watoto baadaye, kwa kuwa usiku wa leo anga ni safi, amekosea hesabu. Amekifanya kinachorudi kuwa cha dharura, na kisichorudi kuwa cha kungoja.

Lakini hesabu hiyo isitumiwe kama rungu la kumnyima mtu nyota zake kabisa. Kuna wale wanaoshauri kwamba mtu aiweke darubini juu ya kabati hadi watoto wamalize chuo. Ushauri huu husemwa kwa nia njema, ila matokeo yake ni mtu mzima aliyejizimia taa ya ndani kwa miaka 20, na watoto waliokua bila kumwona mzazi wao akikipenda kitu kwa sababu tu ni kizuri na ni cha kweli. Watoto hao wataona mengi ya kazi na ya bili. Wanastahili kuona pia kwamba kujua ni furaha. Susan Murabana na mumewe, Chu Owen, wameizungusha darubini katika shule nyingi nchini, na maelfu ya watoto wamechungulia ndani yake. Si kila nyumba itafika huko. Ila nyumba yoyote inaweza kuweka kiti cha pili kando ya darubini.

Suala la usalama nalo halina budi kutajwa, maana usawa usemwao mchana unaweza kuwa bure usiku. Mwanaume akisimama nje saa nne za usiku huonekana mshangao. Mwanamke akifanya hivyo huhesabiwa hatarini, na mara nyingi yu hatarini kweli. Taa kubwa za mulika mwizi zilizowekwa mitaani huziua nyota, lakini ni nani atakayemlaumu mama anayezishukuru? Mke mpenda nyota huhitaji zaidi ya ruhusa. Anahitaji ua lenye lango, paa linalopandika, na mwenzi atakayekaa naye au atakayelala akijua yuko wapi. Saa za mapema za Ikweta humfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Na akumbukwe pia mlinzi wa usiku, anayelinda malango ya wengine kwa saa 12 mfululizo. Hakuna profesa anayeishi chini ya nyota kwa saa nyingi kama yeye. Ila saa zile si zake. Zimenunuliwa, na macho yake yamenunuliwa pamoja nazo ili yatazame lango, si anga. Kwa hivyo wingi wa saa chini ya anga pekee haumfanyi mtu kuwa mtazamaji nyota. Kinachomfanya ni saa chache zilizo huru. Aliyejaliwa kuzipata, kwa hisani ya jamaa yake na ya kazi yake, anapaswa kuzipokea kama amana.

Basi mwalimu wa mfano huu na apande kwenye kiti, aitoe shuka, aipanguse darubini vumbi. Asiipeleke nje bado. Aiweke mezani, alete kalenda, amngoje mkewe arejee kutoka kazini, amwandalie chai, kisha amwulize ni jioni zipi anazozitaka yeye mwanzo. Zitakazosalia, wazigawane na nyota.